Ninavyokaa na mama anayefikiria kutumia homoni

"Sista, hizo homoni si ndizo zinaleta kansa?" Akina mama wengi wanaokuja kwangu kwa joto la ghafla na jasho la usiku la kipindi cha kukoma hedhi huanza na swali hilo, na hofu yao ina chanzo. Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisitisha vidonge vya homoni mbili, estrojeni na projestini (ya aina ya projesteroni), kwa washiriki wake kwa kuwa saratani ya matiti iliongezeka. Habari ikafika kila mahali, lakini hesabu yake haikufika: kati ya wanawake 10,000, kwa mwaka, waliougua waliongezeka kama 8. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, ilhali wengi ninaowaona hawajafika 55.

Namba hiyo naiandika kwenye karatasi mbele yake. Kuambiwa tu "hatari ni ndogo" hakumsaidii mtu. Yuko atakayeona 8 ni wachache, na yuko ambaye mdogo wake aliugua, ataona ni wengi. Ni haki yao wote wawili.

Kisha nauliza: kizazi bado unacho? Mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake, ukuta wa ndani hunenepa na unaweza kupata saratani, ndiyo maana huongezewa projesteroni. Umewahi kuganda damu mguuni, kupata kiharusi, saratani ya matiti? Unatokwa damu isiyoeleweka? Jibu moja tu la "ndiyo" linatosha kubadili mazungumzo. Ndiyo sababu nakataza kabisa kuazimana vidonge na jirani.

Fundi cherehani mmoja alikuwa analala na khanga mbili, moja ya kujifutia jasho. Nikamuuliza kinachomtesa zaidi. Akasema ni usingizi, maana mchana anakata vibaya vitambaa vya watu. Presha ilikuwa juu, daktari akaishughulikia kwanza. Baadaye wakazungumzia estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, ambayo kwa dozi za kawaida haijaonekana kugandisha damu kama vidonge vinavyoweza kufanya. Akaenda kufikiri, akarudi na dada yake na maswali yameandikwa nyuma ya risiti, akaamua kuanza.

Mwingine wa umri wake alisikia maelezo yale yale akakataa. Alitaka tu krimu ya estrojeni ya ukeni, kwa sababu tendo la ndoa lilikuwa linamuuma. Naye nikampangia tarehe ya kurudi.