Tsuba ya marabu, imetoka kwa makufuli

Mtu akishika upanga wa stail ya Kijapani kitu cha kwanza ni kuuchomoa aone makali, apigwe picha, arudishe kwa ala, basi. Mimi naanzia kwingine. Naangalia vile vyuma vidogo: kile kisahani kinachotenga mpini na bapa ambacho Wajapani wanaita tsuba, zile pete za mwanzo na mwisho wa mpini, ile kola ya kopa chini ya bapa (habaki), na vile vinyama vimefichwa chini ya kamba ya mpini, menuki. Hapo ndipo utajua kama umeuziwa kitu ama umeuziwa hewa.

Kazi yangu ni brasi. Bangili, herini, pete, tunayeyusha huku Kibera kutoka kwa makufuli yaliyokufa na mifereji ya maji ya zamani, na mzigo mwingi unaenda Maasai Market. Sasa kuna kastoma wangu wa South B, mzee mpole sana, akanipigia simu akasema, "Fundi, niko na kitu yangu imepasuka chuma na sitaki mtu wa kuchomelea aiguse." Akaja nayo ndani ya begi ya gita. Akili hiyo, kwa sababu jaribu kupanda matatu ukiwa umebeba upanga mkononi uone kama utafika tao.

Upanga wenyewe umefuliwa kwa mkono Longquan, huko China, mji ambao umefua panga tangu zamani za kale na siku hizi unatoa katana nyingi sana za kuuzwa nje. Bapa halina shida. Ni chuma cha 1060, yaani kaboni kama asilimia 0.6, na ule mstari wa mawimbi unaofuata makali ni wa ukweli, haujachorwa na asidi. Unapatikana hivi: kabla ya kuzamisha bapa kwa maji wanalipaka udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, kwa hivyo makali yanapoa haraka yanakuwa magumu na mgongo unapoa polepole unabaki laini. Na ndio maana katana imepinda, mingi ya ile pindo inakuja yenyewe ndani ya maji kwa sababu chuma kikigumuka hivyo kinatanuka kidogo upande wa makali na kusukuma bapa lirudi nyuma. Mimi niliposoma hiyo mara ya kwanza nilikaa chini.

Lakini tsuba sasa! Imepakwa rangi nyeusi, ina joka la dhahabu feki, na ilipopasuka ndani ikaonekana chengachenga za kijivu. Aloi ya zinki. Hiyo kitu inayeyuka karibu nyuzi 400, unaweza kuiyeyusha kwa sufuria juu ya jiko la makaa, na ikigongwa haipindi, inavunjika tu. Aliyemuuzia alimwandikia hadithi ndefu ya vile chuma kilikunjwa mara ngapi na kina tabaka elfu ngapi, na mzee aliisoma yote akafurahi. Sasa sikia. Wajapani walikuwa wanakunja chuma kwa sababu tamahagane, chuma chao cha mchanga wa madini na makaa, kinatoka kwa tanuri kaboni ikiwa nyingi hapa na kidogo pale, kwa hivyo unakunja na kufua, mara kumi hivi ama zaidi kidogo, mpaka isambae. Ile tanuri bado wanaiwasha kule Shimane, waliirudisha 1977, inawaka siku tatu usiku na mchana. Lakini chuma cha kiwandani kishasambaa tayari! Ukikikunja leo unatafuta urembo tu, na si mbaya, ila usiniambie ndio nguvu ya upanga halafu unifungie na zinki.

Kwa wale hawajawahi kufungua moja: mpini wote umeshikwa na kijiti cha mwanzi, mekugi. Unakigonga kinatoka, unashika bapa likitazama juu, unapiga ngumi kidogo juu ya kifundo cha mkono wako ulioshika mpini, mpini unalegea, halafu kila kitu kinatoka kwa mpangilio, mpini, shimu moja (kipande chembamba cha kopa cha kujaza nafasi), tsuba, shimu ya pili, habaki. Hakuna skrubu, hakuna gundi. Kwa hivyo tsuba inaweza kuishi zaidi ya upanga wake. Zile za zamani zilihamishwa kutoka bapa moja hadi lingine, mwenyewe akitaka stail mpya anabadilisha, na kipindi kirefu cha amani cha Edo, 1603 hadi 1868, ambapo samurai wengi walibeba upanga bila kupigana nao, hivi vyuma ndivyo vilikuwa mashindano. Ila ukienda kazini kwa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ulitakiwa uvae kistaarabu, ala nyeusi, vyuma vya shakudo.

Shakudo ni kopa iliyotiwa dhahabu kidogo, asilimia nne hivi. Ikitoka motoni inafanana na kopa tu. Halafu wanaisafisha, wanaisugua na maji ya figili nyeupe iliyokunwa (figili, jamani!), wanaichemsha kwa maji ya chumvi za kopa, inageuka nyeusi yenye ubuluu ndani yake, na si rangi ya kupakwa, ni ngozi ya chuma chenyewe. Familia ya Goto, iliyoanzishwa na Goto Yujo aliyekufa 1512, ilifanya hii kazi vizazi na vizazi, na juu ya ile nyeusi walikuwa wanagonga vidoti vidogo vya duara mstari kwa mstari kama mayai ya samaki, kimoja kimoja, kwa nyundo na tindo ya ncha ya duara. Nimejaribu vidoti hivyo kwa kipande cha brasi. Siongei zaidi.

1876 serikali ya Meiji, ile iliyochukua nchi baada ya shogun, ikapiga marufuku raia kutembea na upanga, kazi ikaisha mara moja, mafundi wakahamia kwa vasi na mapambo ya kuuza Ulaya. Kano Natsuo, mmoja wa wakali wa mwisho, alikuwa ashaitwa kuchora sarafu mpya za nchi. Hiyo naielewa vizuri sana, fundi haulizi chuma kinaenda wapi, anauliza oda iko.

Turudi kwa mzee. Mwanzoni alitaka joka lingine. Halafu akataka simba wawili na ngao kama ya serikali, nikamwambia mzee kwa heshima zote hapana, hiyo itakuwa beji ya askari. Tsuba nyingi nzuri za chuma zimetobolewa tu, unaona kivuli cha kitu, na korongo amezunguka ukingo kwa mabawa ni dizaini ya zamani kabisa. Nikamuuliza, kwenu South B ndege gani mnaona kila siku? Akacheka mpaka akakohoa. Marabu! Wale wa juu ya miti pale Nyayo wanaochafua magari. Basi tukakubaliana, marabu wawili, mdomo wa mmoja unagusa mkia wa mwenzake, mabawa ndio ukingo.

Nikayeyusha makufuli. Brasi inataka zaidi ya nyuzi 900, blowa inalia, na ukiona moshi mweupe hiyo ni zinki inatoroka, simama upande upepo unatoka, ukiuvuta usiku utatetemeka kama mtu wa malaria. Kalibu ni ya mchanga. Tundu la katikati, la kupitisha shina la bapa, nililiacha dogo makusudi kwa sababu hilo tundu huwezi kubahatisha, unapiga tupa kidogo, unajaribisha, unapiga tena. Hata hivyo Wajapani wana ujanja mmoja niliupenda kuliko kitu chochote: kwenye ncha mbili za tundu wanagonga vipande vya kopa laini, sekigane, ili tsuba ibane bila kukwaruza shina, na ukihamisha kwa upanga mwingine unabadilisha kopa tu. Kopa yangu ilitoka kwa waya wa stima. Nikaichoma iwe laini, nikaikunja, nikaigonga ndani mpaka tsuba ikaingia kwa shina kwa kusukumwa na dole gumba na ikakaa, hata ukitikisa upanga kando ya sikio husikii kitu. Ile ya zinki ilikuwa inalia kama njuga.

Rangi, mzee hakutaka njano ya bangili. Niliining'iniza ndani ya ndoo yenye kifuniko na amonia kidogo chini, isiguse, mvuke ukafanya kazi yake ikatoka kahawia, halafu nikapiga msasa kwenye mabawa tu njano ionekane, na nta juu. Shimu mpya nikakata kwa bati la kopa. Habaki yake ilikuwa nzuri, sikuigusa.

Alipokuja kuchukua alishika upanga akaangalia marabu kwanza, makali hata hakuyachomoa, ila akalalamika kidogo kuhusu bei, akalipa, akaanza kuuliza kuhusu menuki. Anataka marabu wadogo huko pia, mmoja kila upande. Hao nitawafanya, kazi ya wiki moja hivi. Shida ni kamba, kuwaingiza lazima ile kamba ya mpini ifunguliwe yote mpaka kwenye ngozi ya samaki taa iliyo chini yake halafu ifungwe upya na vile vidirisha vyake vya almasi vikae sawasawa, na hiyo si kazi ya mtu wa brasi. Kama wewe unasuka ngozi ama kamba na mkono wako umetulia, pitia kwa banda tuongee, mzee analipa vizuri hata kama ananung'unika.