Njia yangu ya kufika kwenye moyo ilipitia mapafuni

Madaktari vijana wanaotaka upasuaji wa moyo huniuliza waanzie wapi. Huwajibu: anzeni na usaha. Mimi nilisoma udaktari Makerere miaka 5, nikafanya mwaka 1 wa mazoezi, kisha miaka 3 ya uzamili wa upasuaji wa jumla. Baada ya hapo ndipo nilipoingia kifuani, na wagonjwa walionijia hawakuwa wa moyo. Walikuwa watu wa kifua kikuu cha muda mrefu, watoto wa nimonia iliyogeuka usaha, na vijana wa bodaboda waliovunjika mbavu.

Kwanza nilijifunza kuweka mpira wa kifuani. Njia yake hupita juu ya ubavu, kamwe si chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hukaa kwenye ukingo wa chini. Mwisho wake wa nje huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Mpira ukikaa sawa, maji ndani yake hupanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Yakitoa mapovu yasiyokoma, hewa inavuja, kwenye pafu au kwenye mpira wenyewe. Nilikaa sana kando ya vitanda nikiisoma ile chupa, na bado naamini mpasuaji asiyejua kuisoma hafai kukabidhiwa kifua.

Kisha nikafundishwa kumenya pafu. Usaha ukikaa muda mrefu hujenga gamba gumu linalolibana pafu lisijae hewa. Unalibandua polepole, kwa kidole na kwa chachi, huku pafu lenyewe likiendelea kusogea. Halafu unamwomba mtaalamu wa usingizi alijaze hewa, na pafu lililokuwa limesinyaa linatanuka mbele yako mpaka kugusa mbavu. Sijawahi kuizoea furaha ile. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa mikono yangu subira, kabla sijashika vali yoyote, yaani kilango cha moyo.

Kushona vali nilijifunzia nyumbani. Nilinunua mioyo ya ng'ombe buchani, nikauweka mmoja mmoja ndani ya kopo refu, maana vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iko ndani sana na vidole havifiki kwa urahisi. Nilipitisha nyuzi kuizunguka pete yote, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Umeme ulipokatika, mume wangu alinishikia tochi.

Nilipoanza kusaidia upasuaji wa moyo wazi, kilichokuwa kigeni ni saa. Damu huzuiwa isigande kwa heparini, mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hubanwa, na dawa yenye potasiamu huusimamisha moyo. Kuanzia hapo kila dakika huhesabiwa. Mwendesha mashine hutaja muda kwa sauti, nawe unaendelea kushona bila pupa. Mikono iliyofanya mazoezi haipotezi dakika kufikiri jinsi ya kugeuza sindano.

Lakini uamuzi mgumu zaidi hufanywa kabla ya kisu. Wagonjwa wetu wengi ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ambayo penisilini ingeyatibu. Vali ya chuma hudumu, ila humfunga mtu kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vali ya mnyama haihitaji wafarini maisha yote, lakini kwa kijana huchakaa mapema. Inapowezekana, mimi huchagua kuitengeneza vali yake mwenyewe.

Nililelewa Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda, kwa hiyo familia za askari hunijia na Kiswahili chetu. Binti mmoja, vali yake haikutengenezeka. Aliniuliza mbele ya mama yake, "Dada daktari, nitazaa?" Nilimweleza vali zote mbili, bila kumficha kwamba ile ya mnyama ingemrudisha mezani siku moja. Akaichagua hiyo, naye alijua kwa nini. Nikamwambia atatumia wafarini miezi michache ya mwanzo, apimwe damu mara kwa mara, na asibebe mimba kabla hatujamruhusu.

"Na dodo aache?" mama akauliza. Dodo ni mchicha wetu, na mboga za majani hupunguza nguvu ya wafarini.

"Asiache, mama. Ale kiasi kilekile kila wiki, asile sahani nzima leo kisha akae mwezi bila kuigusa. Na akitoka damu kwenye fizi, msisubiri tarehe ya kliniki, mleteni siku hiyohiyo."