Siku moja maishani mwangu: fundi TV na rangi ya picha, Kariakoo

Saa 1:30 asubuhi. Kabla hata ya chai nawasha flati ya inchi 43 niliyoifunga taa mpya jana jioni. Naiwasha na kuiacha. Kioo kikiwa baridi weupe wake ni mwingine, kikishapata joto ni mwingine, kwa hiyo sigusi rangi ya TV yoyote kabla haijawaka nusu saa. Nafagia duka, naagiza chai na chapati.

Saa 2:15. Dogo ninayemfundisha kazi ameingia, anaitazama.

“Kaka, si imepona hii? Tumpigie mama aje achukue.”

“Picha imerudi. Tazama shati la mtangazaji.”

Anasogea. Shati ni jeupe, lakini lina ubluu, na uso wa mtangazaji umepauka kama mtu aliyepakwa majivu. Namweleza kinachotokea. Taa nyeupe za LED zinazokaa nyuma ya kioo si nyeupe kwa asili: ndani kuna chipu inayotoa mwanga wa bluu, juu yake kuna unga wa njano, na mchanganyiko wa viwili hivyo ndio macho yetu yanauona mweupe. Unga ukichoshwa na joto la miaka mingi, bluu inapenya, ndiyo sababu TV za zamani zinageuka zambarau. Taa mpya za sokoni nazo, nyingi ninazozifunga, zina ubluu kuliko zile zilizotoka na TV kiwandani. Ukibadilisha taa bila kupanga rangi upya, umefanya nusu ya kazi na kupokea malipo yote. Hilo sitaki litokee kwenye meza yangu.

Saa 3:00. Tunashusha pazia, tunazima taa ya duka. Ukutani nyuma ya meza nimepaka kijivu makusudi, maana ukuta wa rangi unayavuta macho. Naingia menyu ya ufundi kwa rimoti. Dogo anapiga picha ukurasa mzima kwa simu kabla ya kubadilisha namba hata moja. Namba za kiwandani zikipotea, hakuna wa kukurudishia.

Kwenye flashi nina picha za kijivu, kuanzia giza hadi nyeupe kabisa. Hatuanzi na nyekundu wala kijani, tunaanza na kijivu. Nyekundu, kijani na bluu zikiwa sawia, kijivu hakina rangi yoyote. Ikizidi moja, kijivu kinaisema hapo hapo, na kila rangi nyingine kwenye picha imeharibika kwa kiasi hicho hicho.

Naning'iniza kipima rangi kwenye kioo. Weupe tunaoutafuta ni ule wa kiwango cha matangazo ya televisheni, joto la rangi (yaani weupe umeelemea bluu au njano kiasi gani) la Kelvini 6500 hivi. Kwenye kipimo, x na y, namba mbili zinazotaja rangi, zisome 0.313 na 0.329. Kijivu cha asilimia 80, kilicho karibu na nyeupe, nakirekebisha kwa geini, namba za nguvu ya kila rangi kwenye sehemu zenye mwanga; cha asilimia 20, kilicho karibu na giza, kwa ofseti, namba za sehemu za giza. Kisha narudi tena kwenye 80, kwa sababu ukivuta moja unaisogeza nyingine. Ni kwenda na kurudi mpaka zote mbili zitulie.

Kanuni ninayomkazia dogo: punguza inayozidi, usiongeze inayopungua. Ukipandisha geini kupita kiasi, sehemu zenye mwanga mkali zinagota juu, na mawingu yanageuka bango moja jeupe. Kwa hiyo bluu tunaishusha, kijani kidogo, nyekundu tunaiacha. Mwanga wa jumla unapungua. Naukubali upungufu huo, na siongezi mkondo wa taa kuufidia, kwani joto ndilo lililoua zile za kwanza.

Mwisho naweka video ya watu. Ngozi zetu ni mtihani mgumu kuliko picha ya maua: nyekundu ikizidi kidogo tu mtu anakuwa kama matofali, kijani ikizidi anaonekana mgonjwa.

Saa 6:00. Mwenye TV amefika.

“Fundi, mbona imepoa?”

“Haijapoa mama. Macho yalishazoea bluu. Kaa kidogo, nikuwekee video unayoijua wewe.”

Anayo ya harusi ya binti yake kwenye simu. Anatazama kimya kwa muda, halafu: “Kumbe kweli. Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, kwenye TV nilikuwa naliona jeupe pe.” Analipa.

Saa 7:00. Umeme umekatika. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 9:00. Umeme umerudi, na mzee wa Unguja ameleta TV ya chogo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Ina doa la zambarau pembeni.”

Alikuwa ameweka spika kubwa ubavuni. Sumaku ya spika imelishika bamba la matundu lililo nyuma ya kioo, miale ya elektroni inayochora picha inatua kwenye rangi isiyo yake. Nazungusha koili ya kuondoa sumaku mbele ya kioo, narudi nyuma polepole, naizima nikiwa mbali. Doa limekwisha. Nabadilisha pia posista, kifaa kidogo kinachoipa umeme koili ya ndani ya kuondoa sumaku, maana koili hiyo ilikuwa haifanyi kazi TV inapowashwa. Halafu kijivu, kama asubuhi, safari hii kwenye bodi ya shingo, ile iliyochomekwa mkiani mwa kioo. Dogo anauliza kwa nini kitufe cha kugeuza rangi hakifanyi kitu. Mfumo wa rangi wa PAL, ambao TV hii inautumia, haukihitaji: picha inachorwa mstari kwa mstari, na kosa la rangi la mstari mmoja linafutwa na mstari unaofuata.

Mzee anatukumbusha kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, huku bara tukisubiri hadi 1994 kupata hata kituo kimoja. Anasema kweli, na ana haki ya kujivunia.

Saa 11:30. Bodaboda hadi kibanda umiza cha Mbagala. TV mbili za kampuni tofauti zimepangwa sambamba, na wateja wanalalamika kwamba jezi ya Yanga ni njano huku, na huko inakaribia nyeupe. Njano kwenye kioo ni nyekundu na kijani. Bluu ikijipenyeza, inafifia. Zote mbili zilikuwa kwenye hali ya picha kali ya dukani. Naiondoa hali hiyo, napanga kijivu cha ile iliyo bora, kisha ya pili naifuatisha.

Saa 1:00 usiku mechi inaanza. Mwenye kibanda anasimama katikati ya viti, anatazama kulia, anatazama kushoto. “Zinafanana fundi.” Nasubiri hadi mapumziko, zipate joto vizuri, napima tena ile ya pili na kushusha bluu yake kidogo.