Kumtafutia Mjerumani pa kushuka

Jumatano usiku

Gari bado linanuka omena. Nimesugua buti la nyuma kwa sabuni ya kipande, nikakamulia ndimu tatu, wapi. Harufu ya miezi miwili na nusu ya kulisha korongo haiondoki kwa ndimu.

Aliletwa katikati ya Desemba na kijana wa bodaboda, mwili ndani ya gunia la mbolea, shingo nje kama abiria anayechungulia amefika wapi. Kijana alimwokota kwenye mabua ya ngano upande wa Njoro, chini ya nyaya za stima, bawa la kushoto likiburuta. Hakudai kitu ila pesa ya mafuta. Mguuni, juu ya goti, ndege alikuwa na pete yenye namba na neno moja nililoweza kulisoma: Germania. Watoto wa jirani walipoliona tu, jina likapatikana. Mjerumani.

Alikuwa mdogo bado. Mdomo wa korongo mweupe aliyekomaa huwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Wake ulikuwa na rangi ya tofali, ncha nyeusi. Maana yake alianguliwa mwaka huo huo, akaizunguka Mediterania kupitia Uturuki na Sinai, akafuata Nile mpaka huku, kisha akaja kugonga waya wa kwetu kabla hajatimiza miezi minane.

Tulitoa taarifa KWS, shirika la wanyamapori, siku ile ile, maana sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumweka ndege wa porini nyumbani eti kwa sababu unampenda. Daktari wa mifugo ninayefanya naye kazi hizi ndiye aliyesimamia matibabu. Mfupa mmoja wa bawa ulikuwa na ufa. Ya bandeji na sindano sitayasimulia. Anayetaka kujua ajue tu kwamba korongo hulenga macho, na kwamba kwa wiki tatu nilikuwa namshika nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea. Akitoka kwenye bandeji tulimhamishia kwenye banda la nyanya lililokuwa halina nyanya, tukavua plastiki, tukatandaza wavu, awe anapiga mabawa kutoka mwisho huu hadi ule.

Mwishoni mwa Februari alikuwa na kilo 3.1. Alikuja na 2.2. Daktari akamtazama akiruka banda zima bila kuyumba, akafunga mkoba wake.

"Mwalimu, mimi nimemaliza. Unampeleka wapi?"

Kila mtu hapa Nakuru ana jibu la swali hilo: mbugani, ziwani. Nami ningejibu hivyo hivyo, kama si mbayuwayu wa mwaka juzi. Huyo nilimwachilia jioni, kando ya mto, mawingu yametanda, kwa sababu tu pale palikuwa pazuri na mimi nilikuwa na haraka. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi nilimkuta chini ya mgunga, gramu zake chache hizo zimelowa kama kipande cha kitambaa. Sijasahau kwamba nilichagua pale kwa macho yangu, sikuchagua kwa macho yake.

Basi mbugani nilikwenda, lakini kwanza bila ndege. Ziwa Nakuru limepanda sana miaka hii. Lango kuu la zamani lilimezwa, na migunga iliyokuwa ufukweni sasa ni vijiti vikavu vimesimama majini. Nyasi fupi ambamo korongo angesaka panzi zimepungua. Nilizunguka tangu lango lilipofunguliwa hadi saa nane: nyati, mwari, marabu kadhaa wamesimama kama mahakimu waliostaafu. Korongo mweupe, hakuna hata mmoja. Ni hifadhi, ina ua na askari, na kwa Mjerumani ingekuwa chumba kitupu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokitafuta. Miaka ya 1930 wataalamu wa Ujerumani walichukua makinda ya korongo kutoka mashariki ya nchi yao wakayapeleka magharibi. Makorongo wa mashariki huja Afrika kwa kuzunguka Mediterania upande wa mashariki, wa magharibi kupitia Gibraltar. Makinda yaliyoachiliwa wakati wenyeji wangali pale yaliandamana na wenyeji njia yao. Yaliyoachiliwa wenyeji wakiwa wamekwisha kuondoka yalielekea kusini-mashariki, yakifuata kitu kilichomo ndani yao tu. Yaani kinda lina dira, lakini likipata kundi huifungia dira mfukoni. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kundi, tena kabla mvua za masika hazijaanza na makundi hayajaelekea kaskazini.

Shemeji yangu analima mpunga Ahero. Nilimpigia.

"Shem, ndege? Hapa ndege ndio wametumaliza. Njoo uchague."

Nilikwenda Jumamosi. Kweli, kutoka barabara ya Kisumu unawaona: yangeyange, kwarara, na mbali kwenye shamba lililokwisha vunwa, makorongo weupe kama 20 hivi, wakitembea taratibu na kuokota. Chakula tele, joto la kutosha, na tambarare ya Kano haina milima ya kumbabaisha ndege anayejifunza upya. Moyo ulisema, hapa hapa. Kisha tukakaa chini ya mti, dada yangu akaleta chai, shemeji akaanza kunieleza habari za kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka. Mwanzoni mwa 2023 walishuka kwenye mpunga wa Kano kama moshi, mpaka serikali ikaleta fenthioni, sumu ya kuwapulizia. Dawa hiyo haichagui. Kwelea akianguka akiwa hajafa, mwewe atamla, na korongo naye hakatai cha bure.

"Mwaka huu wamepiga?"

"Bado. Lakini wakija, watapiga. Na sisi tunaomba wapige, Shem, usinielewe vibaya. Ule mpunga ndio karo."

Sikumwelewa vibaya. Ningekuwa mimi, ningeomba pia.

Kuna jambo jingine kuhusu mashamba ya mpunga lililonikalia moyoni kuliko hilo. Bunyala, kule Busia na Siaya zinapopakana, wawindaji wa ndege walijulikana kwa mbinu hii: wanamkamata korongo domo-wazi akiwa mzima, wanamfunga mahali penye maji, kisha wanatawanya konokono waliotiwa karbofurani, sumu ya wadudu. Makorongo wanaopita juu humwona mwenzao amesimama chini kwa utulivu, nao hushuka. Nyama inauzwa. Nimelifikiria sana jambo hili njiani nikirudi, pale Kericho ukungu uliposhuka na magari yote yakawa yanatambaa. Mwindaji yule amejua jambo lile lile nililokuwa nalijua mimi, kwamba ndege haulizi mahali, huuliza nani yuko pale. Nilikuwa nasaka chambo sawa na chake. Tofauti yetu ni kile kilichowekwa kando ya chambo, na hicho ndicho nilichopaswa kwenda kukikagua kwa miguu yangu.

(Dunga, kinamasi kando ya Ziwa Victoria, nilipendekezewa na watu watatu. Ni kweli mafunjo yake ni hazina, na kama ningekuwa na mbayuwayu mwingine ningempeleka kule jioni za Machi bila kufikiri mara mbili. Korongo hupanda juu kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, na juu ya maji mapana hewa hiyo haipo. Ziwa Victoria kwake ni ukuta.)

Aliyenimalizia kazi ni yule yule kijana wa bodaboda. Alinitumia video ya sekunde kumi na moja: trekta linalima, na nyuma yake ndege weupe wamejipanga kama kuku nyuma ya mama anayepepeta mchele. "Mwalimu, si hawa ni ndugu za Mjerumani?" Njoro. Si mbali na alipoangukia.

Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo. Yaani nimezunguka Ahero na mbugani, nimeteketeza mafuta, kumbe jibu liko kwenye mabua yale yale alikovunjikia bawa. Kesho yake tulikuwa pale. Nilihesabu makorongo 43 kabla hawajachanganyikana na yangeyange. Nyaya za stima zilikuwapo, ndiyo, lakini upande wa barabara. Nilitembea kutoka zilipo hadi katikati ya shamba, hatua 870, nikahesabu kwa sauti kama mwehu. Dereva wa trekta alizima injini anisikilize. Nilimuuliza kuhusu dawa.

"Dawa ya nini, mama? Dawa ni ngano ikishaota. Sasa hivi ni udongo na wadudu."

"Utalima mpaka lini?"

"Nikikosa kuharibikiwa, siku nne."

Kwa hiyo mahali pangu palikuwa na siku nne za kuishi. Baada ya hapo lingekuwa shamba kama mashamba mengine.

Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Daktari alimtoa kwenye katoni ya friji, akamvua soksi tuliyomvisha kichwani. Mjerumani akasimama. Akajinyea miguuni, jinsi korongo wafanyavyo wakihisi joto, mpaka miguu ikawa kama imepakwa chokaa na pete haikusomeka tena. Kisha akanigeukia mimi.

Nilimlisha kwa wiki kumi nikiwa nyuma ya shuka ili asinizoee. Lakini kuna asubuhi nilichelewa kazini nikaingia tu na beseni, na beseni hilo la kijani alilijua. Lilikuwa kwenye buti, liko wazi. Akaja hatua tatu, nne, shingo mbele. Ndege wa porini anayemwendea mtu hana wiki moja ya kuishi katika nchi hii.

"Inama, Mwalimu," daktari akaninong'oneza. "Lifunge."

Nikafunga buti, nikachuchumaa nyuma ya gurudumu na magoti yangu haya. Dakika ishirini hivi. Trekta likageuka mwisho wa shamba, likaja upande wetu, udongo mweusi ukipinduka, na kati yetu na udongo ule akapita korongo mkubwa, mdomo mwekundu kabisa, akaokota kitu akakitupa kooni. Mjerumani akamtazama. Akaokota naye. Alikuwa ameokota bonge la udongo, akalitema, akajaribu tena. Nilipochungulia mara ya tatu alikuwa mfereji wa sita, kisha wa kumi, kisha nikawa simjui.

Hewa ilipopata moto kundi lilianza kupanda, wakizunguka bila kupiga bawa. Nilimwona mmoja akipiga mabawa kwa nguvu mno, akashuka, akajaribu tena, akashuka. Labda ni yeye. Walibaki chini kama kumi na wawili, naye kati yao. Tuliondoka saa saba.

Leo jioni dereva wa trekta amenipigia.

"Mwalimu, wale ndege wamehama."

"Wote?"

"Wote. Nimemaliza kulima na yangeyange peke yao."

"Chini ya nyaya umepita?"

"Nimepita mara mbili, vile uliniambia. Hakuna kitu."

"Na yule mwenye pete, ulimwona wakiruka?"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama, kwani mimi nilikuwa nawaangalia miguu?"