Sifuri Mbili za Gati Moja

Katika michoro ya kiwanda kidogo cha barafu tulichokuwa tukikisanifu kwa ajili ya wavuvi wa pwani moja kaskazini ya Wete, kisiwani Pemba, mdomo wa bomba la kuvuta maji ya bahari uliandikwa kuwa kwenye kimo cha kutoa mita 1, yaani mita 1 chini ya sifuri. Namba hiyo ilikuwamo katika modeli yangu ya mitambo, na ilikuwamo vile vile katika modeli ya mhandisi wa ujenzi aliyesanifu gati na vibanio vya bomba. Tulizilinganisha modeli hizo mara mbili kwa kompyuta, na mara zote mbili hatukuona tofauti. Aliyeiona ni fundi bomba, mtu mzima aliyekulia pwani ile ile, ambaye siku ya kufunga vibanio alisimama kwenye nguzo ya mwisho, akaitazama alama ya chokaa, kisha akaniambia: "Mwanangu, bamvua ikipwa, bomba lako litavuta upepo."

Alisema kweli. Bamvua ni siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Mimi nilihesabu sifuri kuanzia maji ya chini kabisa, kwa kuwa vimo vyangu nilivitoa katika jedwali la kupwa na kujaa, ambalo huanzia hapo ili nahodha awe na hakika ya kina atakachokikuta. Mwenzangu alihesabu sifuri kuanzia wastani wa usawa wa bahari, kama wafanyavyo wapimaji wa ardhi. Katika bahari yetu, ambayo siku za bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, sifuri hizo mbili zimeachana kwa takriban mita 2. Mdomo niliotaka uzame mita 1 chini ya maji ya kupwa ulikuwa unafungwa mita 1 juu yake.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu hakuna kati yetu aliyekosea hesabu. Tumezoea kudhani kwamba modeli zinazopingana zitatoa namba mbili tofauti, na ulinganishaji wa kompyuta mara nyingi hutafuta hilo tu. Lakini modeli zetu zilikubaliana kwa namba na kupingana kwa maana, na mgongano wa aina hiyo hauonekani mpaka mtu aulize kila namba imepimwa kutoka wapi, kwa kizio gani, na katika hali gani ya mtambo.

Hata kuijua tofauti hakutoshi. Mfano ninaoukumbuka kila mara ni daraja la Laufenburg, linalovuka mto Rhine kati ya Ujerumani na Uswisi. Wajerumani walipima vimo vyao kwa kufuata usawa wa bahari wa Amsterdam, na Waswisi kwa kufuata ule wa Marseille, na wahandisi walijua tangu mwanzo kwamba vipimo hivyo vinatofautiana kwa sentimita 27. Walipofanya marekebisho, alama ya kujumlisha na ya kutoa ziligeuzwa, na mwaka 2003 ikabainika kwamba pande mbili za daraja zimeachana kwa sentimita 54. Tofauti ilikuwa imeandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakiki upande wa kuielekeza.

Kwetu sisi kuushusha mdomo wa bomba lilikuwa jambo jepesi. Uzito ulikuwa kwenye pampu, kwa sababu nayo ilisanifiwa kwa sifuri ile ile yenye utata. Sakafu ya gati iliandikwa mita 3.5, nami nikaamini kwamba pampu itavuta maji kutoka kina hicho wakati yamepwa, kumbe kina halisi kilikuwa kiasi cha mita 5.5. Mgandamizo wa hewa hauwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 hivi, na pampu iliyofungwa juu ya maji hushindwa kabla ya hapo, hasa bomba likiwa refu na limeota chaza ndani. Tukalazimika kuchagua pampu ya kuzamishwa. Mhandisi wa umeme akabadilisha mota, waya na kinga yake, na aliyeandika programu ya uendeshaji akaongeza sharti la kuizima pampu maji yanapopungua. Mita 2 za mtu mmoja ziligusa kazi za watu wanne.

Tangu hapo tuna daftari moja la vipimo vya pamoja. Haliandikwi kila kitu, kwani daftari la kila kitu halisomwi na mtu; huandikwa tu vile vipimo vinavyotumiwa na modeli zaidi ya moja, pamoja na kizio, mahali sifuri ilipo, na jina la mwenye mamlaka ya kukibadilisha.

Wala hatulazimishi kila tofauti iishe siku hiyo hiyo. Watafiti wa uhandisi wa programu, Bashar Nuseibeh na Steve Easterbrook miongoni mwao, wamekuwa wakieleza tangu miaka ya 1990 kwamba mgongano unaweza kuachwa kwa muda endapo unajulikana na kusimamiwa, na uzoefu wangu unakubaliana nao. Kwa wiki tatu modeli ya umeme ilionesha mzigo wa kilowati 15 na yangu kilowati 18, kwa kuwa tulikuwa tukisubiri vipimo vya kompresa. Tuliacha zote mbili zisimame, tukaandika tarehe ya mwisho, na tukaandika pia lililo muhimu kuliko tarehe: waya mkuu usinunuliwe kabla ya jibu.

Sifuri ya gati sasa ni msumari wa shaba ambao yule fundi aliupigilia kwenye nguzo ya mwisho, na modeli zote huhesabu kutoka hapo. Daftari lina mstari mmoja ulio wazi, wa uzito wa tangi la maji ya chumvi likiwa limejaa; mhandisi wa ujenzi ameahidi kuujaza kabla ya mwezi kuandama.