Natafuta Kitabu cha Kutisha Kisicho na Kelele

Tanga, Jumapili usiku

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitafuta hadithi za kutisha za namna moja tu, zile ambazo hofu yake inazaliwa ndani ya mawazo ya mhusika na kukua polepole, mpaka msomaji naye anaanza kutilia shaka kile alichokisoma ukurasa uliopita. Naandika hapa nilikofikia, kwa sababu nimezidi kuamini kwamba hadithi hizo tunazo kwa Kiswahili, ila shuleni tulifundishwa kuzisoma kwa ajili ya mambo mengine.

Muuza vitabu mmoja wa Ngamiani, ambaye hupanga vitabu vyake vya mitumba juu ya turubai kando ya barabara, alinielewa kwa namna yake nilipomwambia nataka vya kutisha. Alinitolea vijitabu vyenye mafuvu na wanawake wa miguu ya kwato kwenye majalada, akasema, "Chukua hiki, dada yangu, kina jini wa baharini, hutalala." Nikamuuliza, "Na kisicho na jini wala mchawi, mjomba, lakini bado mtu asilale?" Alifikiri kidogo, kisha akachomoa kutoka kwenye rundo la vitabu vya sekondari nakala kuukuu ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyoshikizwa kwa selotepu mgongoni, akanipunguzia bei kwa kuwa kurasa zake zilikuwa zimejaa maandishi ya penseli.

Maandishi hayo ndiyo yaliyonifumbua macho. Pembeni mwa aya ambayo Kazimoto anazungumza na nafsi yake kwa namna ya kumtia mtu baridi, mwanafunzi fulani ameandika "dhamira: ukengeushi", yaani mtu kujiona mgeni katika jamii yake, na ukurasa mwingine "mgongano wa vizazi, weka mfano hapa". Simlaumu hata kidogo, kwani hivyo ndivyo maswali ya mtihani yanavyotaka, na mimi pia nilifaulu kwa kujibu hivyo. Lakini hakuna swali lililowahi kutuuliza kama tuliogopa. Riwaya hiyo ya mwaka 1974 inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, kijana wa chuo kikuu ambaye elimu imemvua imani moja baada ya nyingine bila kumvika kitu badala yake, na sisi hatuna jicho jingine la kuutazamia ulimwengu wake isipokuwa hilo lake. Kinachotisha ni utulivu wa sauti yake. Anaeleza misiba ya nyumbani kwao kama anayeeleza hali ya hewa, na kadiri anavyoendelea kueleza kwa ufasaha ndivyo ninavyozidi kumwogopea, na mara nyingine kumwogopa.

Utulivu huo ndio ninaoutafuta kwanza katika kitabu chochote cha aina hii. Edgar Allan Poe aliuelewa mapema, kwani katika hadithi yake fupi ya mwaka 1843 kuhusu moyo unaodunda chini ya sakafu, msimulizi anatumia nguvu zake zote kutuhakikishia kwamba ana akili timamu, na uhakikisho huo ndio unaotufanya tutake kumkimbia. Charlotte Perkins Gilman naye, mwaka 1892, aliandika hadithi ya mwanamke aliyewekwa chumbani na mumewe ambaye ni daktari, apumzike, asiandike, asifanye kazi, naye akawa anaandika kwa siri juu ya karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani. Hakuna anayempiga wala kumshindisha njaa. Mumewe ana upole wa kweli, na kila jambo linafanywa kwa faida yake, mpaka mchoro wa ile karatasi unaanza kuwa na mtu ndani yake. Nilipomsimulia dada yangu hadithi hii alinyamaza, kisha akaniambia kwamba anawajua wanawake waliowahi kuwekwa hivyo baada ya kujifungua, wakaambiwa wapumzike na wasiseme sana.

Hapa kwetu mfano ninaouthamini kuliko yote umetoka kwa mwana wa Tanga, na sijawahi kumsikia mtu akiuita wa kutisha. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na amezikwa Machui, na watoto wengi wamekisoma Adili na Nduguze kama kitabu cha maadili, ndugu wema na ndugu wabaya, husuda na msamaha. Haya, yapo. Lakini kisome tena ukiwa mtu mzima, usiku, na usimame pale Ikibali, mjumbe aliyetumwa na Mfalme Rai kufuata kodi Janibu, anapogundua kwamba mwenyeji wake, liwali mpole anayependwa na watu, huamka usiku watu wamelala na kwenda kuwachapa manyani wawili kwa mjeledi. Msomaji hajui bado manyani ni nani. Anachokiona ni mtu mwema anayefanya jambo la kutisha kwa utaratibu, kila usiku, bila furaha na bila kuacha. Baadaye tunaambiwa kwamba ni nduguze wa damu waliogeuzwa, na kwamba liwali huyo, Adili, amelazimishwa kuwaadhibu, la sivyo adhabu itamrudia yeye. Maelezo hayo yanaifunga hadithi vizuri, ila kwangu mimi hayaufuti ule usiku wa kwanza. Mtu anayelazimishwa kuwaumiza anaowapenda, akaizoea kazi hiyo kiasi cha kuipangia saa, ni jambo ambalo waandishi wengi wa hofu wangetamani kulibuni.

Hadithi zinazosambazwa siku hizi kwa simu, kipande kwa kipande, sina mengi ya kusema juu yake. Baadhi zimeandikwa kwa lugha nzuri. Tatizo ni kwamba kila kipande lazima kiishie kwenye mlango unaofunguka au mkono unaoshika bega, ili msomaji alipie mwendelezo, na hofu ya kisaikolojia haiwezi kukua katika mwendo huo, kwani inahitaji kurasa nyingi ambazo hakuna kinachotokea isipokuwa mtu kubadilika kidogo kidogo. Ninaumizwa zaidi na zile zinazomtumia mgonjwa wa akili kama zimwi, mtu wa nywele chafu anayetoka gizani na panga. Wagonjwa wa akili ni jamaa zetu, tunakula nao, na mara nyingi wao ndio wanaoogopa. Mwandishi anayewageuza kuwa kitisho cha kushtukiza ameikimbia kazi yenyewe, ambayo ni kutuingiza ndani ya hofu yao.

Kuhusu majini, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hadithi ikiwa na jini basi haifai. Mtu wa Tanga hawezi kusema hivyo kwa moyo mweupe. Katika familia nyingi za pwani kuna mtu ambaye hospitali imempa jina la ugonjwa na dawa za kumeza kila siku, na shangazi yake amempa jina jingine pamoja na ubani na mafusho, na yeye mwenyewe amekaa katikati, anameza na anafukizwa, hajui amwamini nani. Hapo ndipo riwaya ninayoitamani ingepaswa kukaa. Henry James aliijenga hadithi yake maarufu ya mwaka 1898 juu ya shaka ya namna hiyo, yaya anayewaona wafu wawili wakiwanyemelea watoto anaowalea, na msomaji hafikii kamwe mahali pa kusema kwa yakini kwamba wafu wapo au kwamba yaya ameharibikiwa. Wasomaji wa Kiingereza wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 100. Sisi tungeisoma tukiwa na ujuzi wao hawanao, kwa kuwa tumewahi kukaa kwenye mkeka katika chumba cha mgonjwa kama huyo wa pwani na kusikia majibu mawili yakitolewa kwa uhakika uleule.

Said Ahmed Mohamed amekaribia sana katika Babu Alipofufuka, ambapo mkubwa mmoja mwenye mali na cheo, anayeitwa K tu, anajiwa na babu yake aliyekwishakufa. Wengi husema babu ni dhamiri ya K, na huenda ni kweli, lakini mimi nilimpenda pale anapobaki babu kabisa, mzee mwenye haki ya kumkemea mjukuu wake, ambaye K hawezi kumfukuza kwa mlinzi wala kwa fedha. Dhana haimtoi mtu jasho. Babu anamtoa.

Kwa hiyo nimejiwekea njia ya kutafuta. Siulizi tena "vya kutisha", maana nitaletewa mafuvu. Naomba riwaya ambazo watu husema ni ngumu, zinazosimuliwa kwa nafsi ya kwanza, zinazolalamikiwa kwamba hazieleweki, kisha nasoma kurasa chache papo hapo nimesimama. Msimulizi akinieleza upesi mno nini cha kuogopa, narudisha kitabu. Akinipa maelezo ya kawaida ambayo yana kitu kimoja kidogo kisichokaa sawa, nalipa. Kwa njia hiyo nimempata tena Kezilahabi, safari hii katika Nagona ya mwaka 1990, riwaya fupi ambayo sikuweza kujua kama nipo ndotoni au macho, na ambayo ilinitia hofu ya kupotea mahali pasipo na wa kuulizwa njia. Mwenzake, Mzingile ya mwaka 1991, sijaishika bado. Rafiki yangu wa Muheza anayo nakala ya marehemu baba yake na ameahidi kunishushia kwa daladala mwisho wa wiki, kwa sharti kwamba nikimaliza nimweleze kwa nini baba yake aliiacha katikati.