Aya ya uchambuzi wa hadithi fupi: jinsi nilivyoipatia

Wiki mbili nzima aya zangu zilirudi na wino mwekundu ule ule: "Ushahidi uko wapi?" Niliongeza majina ya tamathali za semi, nikarefusha muhtasari, nikanakili sentensi nzima nzima. Alama hazikusogea.

Juzi jioni nilikuwa Kamanga nasubiri kivuko, hadithi yetu ya mvuvi mkononi. Kuna mahali ziwa "linanung'unika" kabla ya dhoruba. Mwanzo niliandika tu kwamba hiyo ni tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu, nikapita. Safari hii nilinukuu neno hilo moja, nikajiuliza: kwa nini si "linanguruma"? Anayenung'unika ana kinyongo hajakitoa chote, na mvuvi mwenyewe ana deni ambalo hajamwambia mkewe. Hapo aya ikafunguka!

Sasa naanza na hoja, naweka dondoo fupi, nataja tamathali, kisha nabadilisha neno la mwandishi kwa jingine nione kinachopotea. Hicho kinachopotea ndicho ninachokieleza, sentensi mbili tatu, ndipo narudi kwenye hoja. Nukuu isizidi maneno machache. Ikiwa ndefu unajikuta unasimulia tena.

Jana daftari limerudi na tiki. Wenzangu wa kidato cha tano, jaribuni.